Leseni ya wilaya, BMU au sheria ndogo za kijiji: bwawa lenu likabidhiwe kwa nani?

Mvua zikiwa nzuri Ugogo, hapa Dodoma, samaki huja na maneno. Lambo lililokuwa la kunyweshea ng'ombe linajaa hadi kwenye migunga, kambale waliojibanza kwenye tope wanaanza kuonekana, na kabla wiki mbili hazijapita kijana wa kijiji cha pili ameshafika na nyavu begani. Mkutano wa kijiji unaofuata unakuwa na ajenda tatu mpya: nani avue, alipe nini, na ile miti ya juu ya bwawa inayokatwa kwa mkaa ni ya nani.

Nimekaa kwenye mikutano ya namna hiyo Bahi, Chamwino na upande wa Mpwapwa, na karibu kila mara watu hugawanyika mafungu matatu. Wapo wanaotaka bwana samaki wa wilaya aje, akate leseni, mambo yaishe. Wapo waliowahi kuvua Ziwa Victoria au bwawa la Mtera, hao wanataka BMU, yaani kikundi cha usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi. Na wapo wazee wa mstari wa mbele, wameshika fimbo, wanaosema maji haya yako kwenye ardhi ya kijiji, kwa hiyo tutunge sheria ndogo zetu. Fungu moja halimsikilizi jingine, na anayepata tabu ni yule aliyekaa katikati, ambaye angekubali yoyote kama angeelezwa vizuri. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Nianze kwa kusema kwamba njia zote tatu zina ukoo, na ukoo huo unapita bomani kwa mkoloni. Ukijua kila moja ilitengenezwa kwa kazi gani, unajua mapema itakatikia wapi.

Tulipotoka, kwa kifupi

Mwaka 1896 Gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji: anayetaka kuwinda awe na leseni, na maeneo fulani yawe mapori ya akiba. Mwaka 1904 ikafuata sheria ya kulinda misitu. Mwingereza alipochukua Tanganyika akaandika ya kwake kuhusu misitu mwaka 1921, kisha mwaka 1923 ikaja Sheria ya Ardhi iliyotamka kwamba ardhi yote, yenye watu na isiyo na watu, ni ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Neno "umma" hapo lina kichekesho chake, maana umma wenyewe haukuulizwa.

Kutoka kwenye shina hilo yakatoka matawi mawili tunayoishi nayo mpaka leo. La kwanza ni leseni: mtu mmoja ananunua ruhusa ya mwaka. La pili ni hifadhi: mstari unachorwa, vigingi vinapandwa, watu wanakaa nje. Samaki wa maji baridi waliingia kwenye tawi la leseni kwa kuchelewa. Kuna wakati Tanganyika ilikuwa na sheria ya peke yake ya kulinda samaki aina ya trauti, waliopandikizwa kwenye mito ya milimani kwa ajili ya wazungu wapenda kuvua kwa fimbo na uzi. Kambale wa Bahi hakuwa na sheria yake.

Mabwawa yetu nayo yalichimbwa bila kufikiria samaki. Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na Ikowa ni la miaka hiyohiyo ya 1950. Kazi yake ilikuwa maji ya mifugo na kilimo. Samaki walikuwa abiria tu. Ndiyo maana mpaka leo ukiuliza bwawa la namna hiyo ni la idara gani, utaonyeshwa milango mitatu.

Maswali matano ya kupimia

Nimezipima njia zote tatu kwa maswali yaleyale. Kwanza, kauli: nani anaweza kumwambia mtu "wewe usivue" na akatii? Pili, daftari na pesa: nani anaandika, pesa inaishia wapi? Tatu, doria: nani anaamka usiku? Nne, ukingo: njia hii inagusa miti, mashamba na mifugo inayozunguka maji, au inaishia kwenye maji tu? Tano, na hili kwangu ndilo zito kuliko yote hapa katikati ya nchi: maji yakikauka, njia hii inabaki na nini?

Swali hilo la tano halimo kwenye miongozo mingi, kwa sababu miongozo mingi iliandikwa kwa ajili ya maziwa makubwa. Leseni ya uvuvi ilibuniwa kwa maji yasiyohama. Maji ya Ugogo yanahama.

Njia ya kwanza: leseni ya serikali

*Kauli.* Hapa hakuna utata. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya 1970, inataka mvuvi awe na leseni na chombo chake kiwe na leseni. Mitumbwi midogo kama ya kwetu hukatiwa halmashauri. Mwenye leseni ni mvuvi halali, asiye nayo anavunja sheria, na jambo hilo linasimama mahakamani. Lakini kauli hiyo inakata pande mbili. Mgeni kutoka mkoa mwingine akilipa, ana haki ileile ya mtoto wa hapo. Kuna vijiji vilivyoomba leseni ili kufukuza wageni, vikashangaa kuona leseni imewafungulia mlango.

*Daftari na pesa.* Malipo yanafanyika kwa kontroo namba, risiti inatoka kwenye mashine, hakuna mtu anayetia noti mfukoni kirahisi. Huo ni ubora mkubwa na usidharauliwe. Pesa inaingia mfuko wa halmashauri, na kurudi kwake bwawani kunategemea bajeti, si haki ya bwawa. Pia kuna suala la mwendo. Niliwahi kusindikiza kikundi cha wavuvi kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja; tukaambiwa mhusika yuko semina, turudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Siku leseni zilipotoka, maji yalikuwa magotini.

*Doria.* Nguvu ya kisheria ipo yote: kukamata, kutaifisha kokoro, yaani wavu wa kukokota, na nyavu nyingine haramu, kufikisha mtu mahakamani. Miguu ndiyo haba. Bwana samaki mmoja mwenye pikipiki moja hawezi kulinda malambo yaliyotawanyika wilaya nzima, na wavuvi haramu wanajua siku anazokwenda benki.

*Ukingo.* Hapa ndipo urithi wa mkoloni unapoonekana wazi. Misitu ilikuwa na idara yake na sheria yake, wanyama idara yao, maji idara yake. Leo bwana samaki anahesabu nyavu, miti ya hifadhi ni ya bwana misitu au TFS (wakala wa misitu wa serikali), maji yenyewe ni ya bodi ya bonde. Dodoma tuna balaa la ziada: mabonde matatu yanakutana hapa. Hombolo liko bonde la Wami/Ruvu, Mtera liko Rufiji, Bahi iko Bonde la Kati ambalo makao yake ni Singida. Leseni ya uvuvi haimzuii mtu kulima nyanya ndani ya mita 60 za ukingo, ingawa Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza.

*Maji yakikauka.* Leseni ni ya mwaka, maji ni ya miezi. Mvuvi mmoja kando ya Mtera alinitolea leseni yake kutoka kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Muhuri ulisomeka, mwaka ulisomeka, jina lake lilisomeka. Kisha akanionyesha mti aliokuwa akifungia mtumbwi miezi michache nyuma. Ulikuwa katikati ya shamba la mahindi, na mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele. Mtera likijaa, maji yako mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Mitambo ya umeme imewekewa kikomo cha 690. Tofauti ya mita nane na nusu kwenye nchi tambarare ni kilomita nyingi za kutembea na mtumbwi kichwani.

*Inamfaa nani?* Maji makubwa yasiyokauka kabisa, yanayogusa wilaya au mikoa zaidi ya mmoja, yenye wavuvi wa kudumu na soko la uhakika. Mtera, linalopakana na Dodoma na Iringa, haliwezi kuendeshwa kwa mkutano wa kijiji kimoja, hata kijiji hicho kiwe na wazee wenye hekima kiasi gani.

Njia ya pili: BMU

Ukoo wa BMU ni wa kushindwa kwa leseni, na kushindwa kwenyewe kulitokea Ziwa Victoria. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alipima ziwa lile na kushauri jicho la wavu lisipungue inchi tano, kumlinda ngege, samaki wa jamii ya perege. Kanuni ikawekwa. Mwaka 1947 kikaundwa chombo cha kusimamia uvuvi wa ziwa zima. Lakini ngege aliendelea kupungua, nyavu za nailoni zikaingia miaka ya 1950, wavuvi wakashusha macho ya nyavu, na mwaka 1956 Tanganyika na Uganda zikaiondoa kanuni yenyewe. Miaka sabini hivi baada ya vipimo vile, miaka ya mwishoni ya 1990, ndipo vikundi vya wavuvi vilipoanza kuundwa kwenye mialo, yaani vituo vya kushushia samaki, ya ziwa hilohilo, kwa wazo kwamba anayekaa mwaloni anaona kuliko anayekaa ofisini.

*Kauli.* Sheria ya 2003 inairuhusu serikali kuingia makubaliano ya usimamizi na BMU. Uanachama si wa wavuvi peke yao. Wachuuzi, wakaangaji na mafundi mitumbwi wanahesabiwa pia, na hilo ni zuri, maana mama anayenunua perege wachanga ana mchango mkubwa kwenye uharibifu kuliko anavyokiri. Kauli ya BMU inasimama pale wote wanapofika mwalo mmoja. Bwawa lenye njia kumi za kushukia majini, kila familia na yake, halina mwalo, na BMU bila mwalo inabaki jina.

*Daftari na pesa.* Watu wengi hudhani BMU ikisajiliwa pesa inaanza kuingia. Hapana. Sehemu ya ushuru inayobaki kwenye kikundi inatokana na makubaliano na halmashauri, na makubaliano yasiyo kwenye karatasi hayapo. Nimeona pia BMU moja ikipoteza rejesta yake yote kwa sababu katibu alihamia Mtera kufuata samaki, akaondoka na begi. Hakuwa mwizi. Alisahau tu, na baada ya mwaka hakuna aliyemkumbuka yeye wala begi.

*Doria.* Hapa BMU inazishinda njia nyingine. Wanajua mtumbwi wa nani umetoka saa ngapi, wanajua nani ana nyavu za kuonyesha na nani ana nyavu za kuvulia. Udhaifu ni ule wa binadamu: tajiri wa nyavu akiwa mwenyekiti, doria hukamata maskini. Na mwanadoria anarudi kulala kijiji kilekile alikomkamata mtu.

*Ukingo.* Haina nguvu. BMU inaweza kupanda miti na kuhimiza watu, ila haiwezi kumtoa mkulima wala kumfunga mchoma mkaa.

*Maji yakikauka.* BMU ya Februari haikutani Septemba. Wanachama wametawanyika, kamati haina akidi, na mvua zikirudi inabidi kuanza upya.

*Inamfaa nani?* Sehemu yenye mwalo unaojulikana, wavuvi wa mwaka mzima, na halmashauri iliyo tayari kutia saini mgao. Kwa Dodoma hayo ni machache: upande wetu wa Mtera, na kidogo Hombolo. Singida wana nafasi nzuri zaidi, hasa Ziwa Kitangiri kule Iramba.

Njia ya tatu: sheria ndogo za kijiji

Hii nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayosemwa sana na kueleweka kidogo.

Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Watemi wakapewa uwezo wa kutoa amri kwa watu wao, zikiwemo za kuzuia ukataji ovyo wa miti na uchafuzi wa maji. Kwa Wagogo jina kubwa la zama hizo ni Mtemi Mazengo wa Mvumi. Mfumo huo ulikuwa na akili ndani yake: mtu anatii kwa urahisi zaidi amri inayotoka kwa anayemfahamu. Ila ulikuwa na ugonjwa pia. Amri nyingi ziliandikwa na bwana shauri bomani, mtemi akapewa aziseme kwa mdomo wake. Majirani zetu Waluguru walipolazimishwa matuta kwa njia hiyo, mwaka 1955 mambo yakalipuka. Uchifu wa watemi ukafutwa kisheria mwaka 1963, lakini tabia ya kuandika sheria ya kijiji nje ya kijiji haikufutwa. Nimeshika nakala za sheria ndogo za vijiji viwili visivyo na mto, zote mbili zinakataza kuvua kwa baruti baharini. Mtu alinakili kutoka pwani.

*Kauli.* Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kupendekeza sheria ndogo. Mkutano mkuu unazijadili, halmashauri ya wilaya inaziidhinisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa usimamizi wa ardhi yake. Mkikamilisha hatua zote, kauli yenu ni ya kisheria kama nyingine. Mipaka yake ni miwili: sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria mama, kwa hiyo haiondoi haja ya leseni, na haivuki mpaka wa kijiji.

Kwenye kijiji kimoja cha Bahi walitaka kuandika kipimo cha nyavu. Mzee mmoja akainuka, akavuta jicho la wavu uliokuwa umetandikwa chini, akaingiza vidole vitatu vya mkono wa kulia: cha shahada, cha kati na cha pete. Vikapita.

"Huu unavua," akasema. Akachukua wavu wa pili, kidole cha tatu kikakwama. "Huu unaua."

Wakaandika hivyo: vidole vitatu vya mtu mzima. Mwanasheria wa wilaya akairudisha, akitaka inchi. Wakaandika inchi, ikapita, na mpaka leo bwawani wanapima kwa vidole.

*Daftari na pesa.* Faini na ada zinaingia kijijini, zinaandikwa kwenye stakabadhi, zinasomwa kwenye mkutano mkuu. Hiyo ndiyo ahadi. Ukweli unategemea mtendaji wa kijiji na ukali wa wanaouliza. Pale mapato na matumizi yanaposomwa kila robo mwaka, njia hii ni safi. Pale yanaposomwa wakati wa uchaguzi tu, heri mashine ya halmashauri.

*Doria.* Mgambo wa kijiji na kamati ya maliasili wapo karibu na hawahitaji mafuta ya pikipiki. Kesi ndogo zinaisha kwa mtendaji. Kesi ikihusu ndugu wa mwenyekiti, haiishi popote.

*Ukingo.* Hapa sheria ndogo haina mpinzani. Kijiji ndicho chenye mpango wa matumizi ya ardhi. Kinaweza kutenga mlima wa juu ya bwawa kuwa msitu wa hifadhi ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, na mapato ya msitu huo yakabaki kijijini. Mfano haupo mbali. Singida, miaka ya 1990, msitu wa Mgori wenye zaidi ya hekta 40,000 ulikuwa mbioni kutangazwa hifadhi ya serikali, vigingi vya aina ileile ya mkoloni. Vijiji vitano vilivyouzunguka vikaomba kuusimamia vyenyewe, vikagawana maeneo, vikaweka walinzi. Mgori na msitu wa Duru-Haitemba wa Babati ndiyo iliyofungua njia kabla sheria haijaandikwa.

Weka hilo pembeni ya Kondoa. Pale Waingereza walianza kupambana na makorongo kwa amri za makinga maji na kuhamisha watu. Serikali huru ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Miti ilirudi, nani atabisha? Lakini ulizeni familia zilizoswaga ng'ombe wao mwaka ule kwenda kusikojulikana. Hifadhi iliyotoka juu ilifanya kazi kwa gharama ambayo haikuandikwa kwenye taarifa ya mradi.

*Maji yakikauka.* Kijiji kinabaki. Wavuvi wakiondoka, halmashauri ya kijiji bado inakaa, daftari liko kabatini, na sheria inaweza kusema nani alime kitako cha bwawa, ng'ombe wapite wapi, na vidimbwi vya mwisho vyenye kambale wazazi viachwe bila kuguswa. Hilo la vidimbwi, kwangu, linazidi leseni mia.

*Inamfaa nani?* Malambo na mabwawa madogo yaliyo ndani ya kijiji kimoja, maji ya msimu, na sehemu ambazo tatizo kubwa ni tope linaloshuka kutoka mlimani kuliko wingi wa nyavu. Haimfai aliye kwenye kijiji chenye mgogoro wa mpaka. Huko sheria ndogo inageuka silaha ya kugombania ardhi.

Panapotaka kuchanganywa

Ziwa Sulunga, ile mbuga ya Bahi, linakataa njia zote tatu zikija pekeyake. Mvua kubwa zikinyesha, kama zile za El Nino za 1997/98, mto Bubu unamwaga maji, ziwa linatanda, kambi za wavuvi zinaota, na magari yanakuja kununua perege wa kukaanga. Maji yakirudi nyuma, palepale panapandwa mpunga. Yakirudi zaidi, panakuwa malisho. Ardhi moja, wenye nayo watatu ndani ya mwaka mmoja, na vijiji vingi vinaizunguka. Sheria ndogo ya kijiji kimoja haitoshi, BMU inakufa kiangazi, leseni inachelewa.

Nilichoona kikifanya kazi, walau nusu, ni vijiji jirani kukubaliana maneno yaleyale kwenye sheria ndogo zao, kila kimoja kikapitisha kwenye mkutano wake, kisha wavuvi wa kambi wakaunda kikundi cha msimu kinachoripoti kwa watendaji, huku leseni zikikatwa wilayani mwezi Novemba kabla mvua hazijakolea. Inachosha. Inahitaji mwenyekiti mmoja mwenye simu isiyozimwa. Ila mwaka wa mvua nyingi hawakupigana, na kwa Sulunga hilo si dogo.

Hali yenu ikoje?

Kama mko kando ya maji makubwa yanayovuka wilaya, msipoteze muda kutunga sheria ndogo za uvuvi; kateni leseni, kisha kama kuna mwalo wa kweli dai BMU yenye makubaliano ya mgao yaliyotiwa saini. Sheria ndogo zenu zitumieni kwa ukingo: mashamba, miti, njia za mifugo.

Kama bwawa ni lenu peke yenu na hukauka, anzeni na sheria ndogo. Leseni bado mtazihitaji, kwa hiyo mwalikeni bwana samaki kwenye mkutano wa kwanza, asije akawa wa mwisho kujua. Mpeni kiti cha mbele. Mwombeni asome rasimu kabla haijapanda wilayani.

Kama wageni ndio wanaowasumbua, jiulizeni wanavunja nini hasa. Wakiwa hawana leseni, hilo ni la wilaya na linaisha haraka. Wakiwa nayo ila wanavua kwa kokoro, hilo ni la wilaya na BMU. Wakiwa nayo, nyavu ni halali, na kosa lao ni kutozaliwa hapo, hamna njia hata moja kati ya hizi tatu itakayowasaidia, na huenda ni vyema.

Kama uongozi wa kijiji hausomi mapato, chagueni leseni ya wilaya kwa muda huku mkiurekebisha uongozi. Kuipa kamati mbovu bwawa ni kuiongezea mradi.

Kama kuna msitu wa zamani juu ya bwawa wenye vigingi vya serikali, ulizeni kwanza ni wa nani: TFS, halmashauri au kijiji. Misitu mingi ya halmashauri ni mabaki ya ile ya mamlaka za wenyeji, na baadhi ya watu wanaidhani ya kijiji. Kwa msitu wa serikali mnaweza kuomba usimamizi wa pamoja. Soma vizuri sehemu ya mgao kabla ya kusaini, maana hapo ndipo vijiji vingi vimeishia kulinda bila kula.

Na kama bwawa ndiyo kwanza linachimbwa, halijaona hata mvua moja, msisubiri samaki. Pimeni mita 60 kutoka pale mhandisi aliposema maji yatafika, pandeni vigingi na minyaa mwezi huu huu, andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano. Mtu akishapanda nyanya pale na akavuna debe la kwanza, hata bwana samaki, mwenyekiti wa BMU na mzee wa vidole vitatu wakija pamoja, hatoki.